Simu Isiyokatwa

Nilikuwa peke yangu jikoni. Hilo nataka lieleweke kwanza, maana dada yangu nilipomhadithia alicheka mpaka akakaa chini, akasema labda nilikuwa na mtu nimemsahau. Sikuwa na mtu. Mume wangu yuko kazini, mwanangu wa kike kaingia kuoga, na mie nimesimama mbele ya jiko la gesi, mwiko mkononi, nnapika mchuzi wa samaki changu na kusema peke yangu kama ilivyo desturi yangu. Nikauliza, wala simuulizi mtu: "Hivi huu mchuzi nshautia chumvi au bado?"

"Ushautia, mama," sauti ikanijibu. "Uliutia pale ulipokuwa unamsema muuza nazi."

Audhubillahi! Mwiko ukanitoka mkononi, mchuzi ukaruka mpaka ukutani. Nikaanza Ayatul Kursiyu, nusu ya mwanzo nikaisoma vizuri, nusu ya pili ikanipotea kabisa, mtu niliyeihifadhi tangu sijaota meno ya utu uzima. Na ile sauti ikasema kwa upole, "Usiogope mama, ni mie." Mie nani? Hata shetani si ndivyo atakavyosema?

Nikageuka polepole. Kwenye rafu, baina ya kopo la sukari na chupa ya siki, simu ya mwanangu imeegemezwa. Kioo kinaonyesha dari nyeupe na panka linazunguka. Dari si yangu, na panka si langu. Halafu uso ukainama ukanitazama, uso wa mtoto niliyemjua tangu anatambaa: mjukuu wa bibi wa nyumba ya pili, shoga wa mwanangu, aliyehamia Maskati na wazee wake mwaka juzi. Kashika kalamu, daftari liko mbele yake, ananitazama kwa aibu.

Siye tunakaa Jang'ombe. Nyumba yangu na ya bibi yake zimepakana na uwa ni mmoja; ukipiga chafya kwangu unaombewa rehema kwake. Yule mtoto alilelewa na bibi yake tangu kuachishwa ziwa. Yeye na wangu walisoma chuo kimoja cha Kurani, skuli moja, wakala sinia moja, wakapata surua wiki moja. Siku anaondoka, wangu alilia akagoma kula, na mie nikajisemea, watoto hawa, ukipita mwezi watakuwa wameshasahauliana. Kumbe usilolijua ni usiku wa kiza.

Mwanangu akatoka chooni na taulo kichwani, akaniona nimeshika kifua.

"Hii simu iko wazi tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu nilipotoka skuli."

"Nakuuliza tangu lini, mwanangu. Usinichezee."

Akatazama chini. "Tangu alipoondoka."

Mtume! Nikamwambia aseme tena, akasema tena. Kila siku, wakitoka skuli, mmoja anampigia mwenziwe kwa hiyo programu yao ambayo mie hata jina silishiki, halafu kila mtu anaiegemeza simu yake mahali na kufanya shughuli zake. Huyu anaosha vyombo, yule anapiga pasi. Huyu anafanya hesabu, yule anachambua mchele. Hawakati mpaka kulala.

"Na mnazungumza nini kutwa nzima?"

"Hatuzungumzi, mama. Tunakaa tu."

"Mnakaa tu!"

"Kama zamani tulivyokuwa tunakaa barazani. Mtu akiwa na neno anasema. Asipokuwa nalo, basi."

Mie ujana wangu ushoga ulikuwa ni mdomo. Tulikuwa tukizungumza mpaka mate yanakauka, na ukimuona mwenzio kanyamaza unajua kanuna. Sasa watu wawili, mmoja Unguja mmoja Maskati, bahari nzima imekaa kati, wanapigiana simu ili wanyamaze! Nilishindwa hata niseme nini, na mie kushindwa neno si kawaida yangu, muulize jirani yeyote.

Halafu akili ikaanza kunirudi, na kila ilivyorudi ndivyo nilivyozidi kuungua. Nyumba ni sitara. Hivyo ndivyo tulivyolelewa: la ndani linabaki ndani, na mgeni akibisha hodi watu wanajifunika na maneno yanabadilishwa. Na mie jikoni kwangu nimemsema muuza nazi, nimemsema wifi yangu, nimemsema mume wangu na ndugu zake wote kwa zamu. Wanasema siri ya mtungi muulize kata. Ya kwangu mie ungemuuliza mtu wa Maskati.

Na hapo ndipo nilipoielewa ile adhana. Mwezi wa Ramadhani, siku ya wingu zito, nimeandaa futari, mara nikasikia kunaadhiniwa jikoni. Nikasema bismillahi, tende nshaifikisha mdomoni, mume wangu akanidaka mkono: "Una nini weye, jua bado!" Nikamgombeza mwanangu kwamba simu yake imeharibika, inaadhini ovyo, itatutia dhambini. Akajibu, "Nitaitengeneza, mama." Kumbe simu nzima! Ni magharibi ya Maskati ilikuwa ikiadhiniwa dirishani kwa shoga yake, wao wanafuturu kabla yetu.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kutukana sawasawa, ndipo likanijia jengine. Nikakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi.

Bibi alikuwa mgonjwa, bibi wa nyumba ya pili, aliyemlea yule mtoto. Maradhi yalikuwa ya ini, na daktari alishamwambia mwanawe wa kiume amrudishe nyumbani, akae na watu wake. Mama wa mtoto, yuko Maskati, alinipigia simu analia. Yeye na mie ni mashoga wa tangu utoto. "Shoga yangu," akanambia, "mwanangu asijue. Ana mitihani mikubwa mwaka huu, akijua hatosoma. Ikisha tu nitamleta mwenyewe amuone bibi yake." Yeye mwenyewe alishakuja mara moja kumuangalia, na mtoto akaambiwa mama kenda arusini. Nikampa ahadi. Kwetu mtu wa mbali hatupiwi habari nzito hivi hivi. Akifiwa huambiwa kwanza mgonjwa kazidi, baadaye kidogo kidogo, na mtu mzima awe kamkalia ubavuni. Siye tunaona huo ndio utu. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini siye tulikuwa tukificha maradhi ya mtu mwengine, tukaona haituhusu.

Na maneno ya ini, na ya daktari, na ya "huyu bibi hatomaliza miezi," nilikuwa nikizungumza na dada yangu. Wapi? Jikoni.

Nikamuuliza mwanangu polepole, "Mwenzio anajua?"

Akalivua taulo kichwani, akaanza kulikunja.

"Anajua nini?"

"Anajua vyote. Alisikia siku ile ulipomwambia khaloo."

Yarabi! Siku ile na dada yangu ilikuwa kitambo. Mtoto kaishi na jambo lile muda wote ule, anakwenda skuli, anarudi, anakula na mama yake meza moja, na mama anamwambia bibi hajambo anakusalimia, naye anaitikia alhamdulillahi. Nikainuka, nikaikamata simu, nikauleta uso wake karibu na wangu. "Mwanangu," nikamwambia, "kwa nini hukumuuliza mama yako?"

Alikuwa kashaiweka kalamu chini. "Nikisema najua watanichukulia simu mpaka mitihani ishe," akanambia. "Na mitihani ikisha, bibi hatokuwepo. Nakuomba mama, usinisemee."

Alivyosema ndivyo vilivyonitisha. Hakulia wala hakupandisha sauti, alisema kama mtu mzima anayejua bei ya kitu sokoni. Mtoto wa miaka kumi na sita! Nikaizima ile simu kwa hasira, sijui hata nilibonyeza wapi, nikamwambia mwanangu nisiione tena jikoni kwangu. Mchuzi uliungua. Mume wangu aliula bila ya kusema neno, naye hana kawaida ya kunihurumia.

Nilikaa na hilo jambo kama mtu aliyemeza mwiba. Mama nimempa ahadi. Na sasa najua, na nikimwambia, mtoto atanyang'anywa simu. Lakini simu yenyewe ya nini? Kunisikiliza mie nikipiga kelele jikoni? Nilidhani hilo ndilo lote, na nikaona kama ni hilo basi hasara si kubwa, bora nimwambie mwenzangu niitue amana.

Kesho yake mchana nikapita uwani kumpelekea bibi uji. Nikasikia sauti ya mtoto chumbani mwake, nikadhani ni mwanangu. Nikafunua pazia. Si wangu. Ni mmoja katika wale waliosoma nao chuo, siku hizi kwao Mwanakwerekwe, bado yumo kwenye nguo za skuli na mkoba mgongoni. Kakaa mkekani. Simu yake kaiegemeza kwenye chupa ya chai, juu ya kigoda, imeelekea kitandani. Ndani ya kioo, yule wa Maskati kainamia daftari lake anaandika.

Bibi alikuwa kafumba macho. Akasema, "Upo?"

"Nipo, bibi," simu ikajibu.

Bibi akashusha pumzi, akalala.

Nikasimama pale na bakuli langu. Yule msichana aliyeko mkekani aliponiona akaruka. "Shikamoo, mama!"

"Marahaba. Nani kakutuma huku?"

"Leo zamu yangu," akasema, halafu akajiziba mdomo, maana lilishamtoka.

Zamu! Nikamtoa uwani, nikamkalisha, nikamwambia anieleze au nitakwenda kwao leo leo. Akanieleza, maskini. Wanalo kundi lao la simuni, wasichana waliokuwa chuo pamoja. Mie nalijua kundi hilo, nshalitukana mara ngapi! Nilidhani ni la umbea na picha za sahani za chipsi. Humo ndimo yule wa Maskati alipowaambia wenziwe siku aliponisikia. Basi wakapangana: leo fulani atapita kwa bibi akitoka skuli, kesho fulani, mwanangu atakaa siku asizokuwa na masomo ya jioni. Anayefika anapiga simu, anaiegemeza, anakaa. Wanachangiana bando. Bibi akitaka maji wanampa, na mjukuu anashinda naye.

"Na bibi anajua kama ni simu?"

"Anajua, mama. Ndiye aliyesema asiambiwe mama yake, atahangaika."

Laa ilaha illa Llah. Bibi anamficha binti yake, binti anamficha mwanawe, mwana anamficha mama yake, na mie katikati namficha kila mtu! Watu wote wa nyumba ile walikuwa wanafichana kitu kimoja, na wote wanakijua. Na hawa watoto, wanaoitangazia dunia wakinunua viatu, wanaopiga picha hata paka akipita, hili walilifunika wasilijue hata mama zao. Mie sikujua kama wanaweza. Ningeapa kwamba hawawezi.

Nikakumbuka na maneno ya bibi. Kila nilipokuwa nikimuuliza, "Umeshindaje, bi mkubwa?" alikuwa akinijibu, "Nimeshinda na mjukuu wangu hapa." Siye tunatazamana. Dada yangu akasema maradhi yashapanda kichwani, tumtafute sheikh amsomee. Na wale wasichana nilishawahi kuwafukuza mara moja: "Mnakuja kwa mgonjwa na masimu yenu, hamna hata haya!" Wakatoka kwa adabu, wakarudi nilipokwenda sokoni.

Nilirudi kwangu nikafunga mlango. Jioni shoga yangu akapiga kama kawaida yake. "Vipi mama?" "Kalala, kanywa uji kidogo." "Na mwanangu hajashtuka kitu?" Nikafikiri, huyu aliniomba nimfiche mtoto. Hakuniomba nimfichulie yeye siri ya mtoto. Nikamwambia, "Mie naye hatuna mazungumzo, shoga." Wallahi nilihisi ulimi wangu mzito kama jiwe la kusagia. Lakini ningesema, simu ingefungiwa kabatini Maskati, na bibi angekuwa anauliza "upo?" na hakuna wa kumjibu. Kwa hilo sikuweza. Mwanangu nikamrudishia ruhusa ya simu yake, bila ya kumpa maelezo. Jikoni nikajifundisha kusema pole pole, jambo ambalo sijalizoea mpaka leo.

Tukaenda hivyo. Wasichana wakaacha kunikimbia, wakawa wanapitia kwangu kuchukua uji wenyewe. Siku nyengine nilikaa nao. Ni kweli hawasemi. Unasikia kalamu inaandika Maskati, unasikia bibi anapumua Jang'ombe, unasikia mlango wa gari ukifungwa nje, hujui nje ya wapi. Mwanzo yalinitia wazimu. Baadaye nikawa nasinzia.

Bibi alizidi siku ya Ijumaa, baada ya alasiri. Mwanawe wa kiume alikuwa ametoka kutafuta dawa ya maumivu. Chumbani tulikuwa mie na mwanangu, na simu juu ya kigoda. Pumzi zikabadilika. Aliyewahi kuzisikia pumzi zile haulizi. Nikamgeuza bibi kibla, nikamshika mkono. Nilijua la kufanya. Nshawafumba macho watu, mama yangu mmojawapo. Natakiwa nimtamkishe shahada. Nafungua mdomo, sauti haitoki. Mie! Mie ambaye mtaa mzima unanisikia nikimwita paka, sauti haitoki.

"Laa ilaha illa Llah, bibi," ikasema ile simu. "Sema na mie. Laa ilaha illa Llah."

Alikuwa akisema kwa sauti ndogo, karibu kabisa na simu, kioo chote ni midomo yake. Midomo ya bibi ikacheza. Akasema tena, ikacheza kidogo. Aliendelea kusema hata ilipokuwa haichezi tena, na mie sikumkatisha.

Baadaye akanyamaza. "Mama," akaniita, "ndo hivo?"

"Ndo hivo, mwanangu. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun."

Nikamfumba bibi macho, nikamfunika kanga. Mwanangu kaanguka mkekani analia kwa kelele. Nikatazama kioo. Yule wa Maskati halii. Yaani analia, lakini hakuna sauti. Kaukusanya mtandio wake kauingiza mdomoni, kauuma, mabega yanaruka. Nikamwambia, "Lia, mwanangu! Lia tu, nani atakukataza?" Akatikisa kichwa, akanionyesha kwa macho nyuma yake, mlango wa chumba chake umefungwa.

Simu yangu mie ikalia. Ni mama yake. Hakuambiwa na mtu, ilikuwa ni saa yake tu ya kuniulizia. "Vipi mama leo?" akasema.

Sikujibu, na kutojibu kwangu kulitosha. Akapiga ukelele, na ukelele ule niliusikia mara mbili: sikioni kwangu, na kutoka juu ya kigoda. Halafu akaukata ghafla, nikamsikia anahangaika na pumzi.

"Shoga," akanambia kwa kunong'ona, "shoga yangu, nakuomba kwa jina la Mungu. Mwanangu asijue. Ana mtihani keshokutwa. Yuko chumbani kwake anasoma, na mie nimejifungia jikoni asinisikie."

Namtazama mtoto kauma mtandio ili mama asimsikie. Namsikia mama kajifungia jikoni ili mtoto asimsikie. Ukuta mmoja tu baina yao! Na mie ndiye niliyeko Jang'ombe, nawasikia wote wawili. Hasira iliyonipanda sijapata kuiona. Sauti yangu ikarudi yote kwa pamoja.

"Toka jikoni!" nikamwambia. "Toka ukamshike mwanao! Alikuwa hapa. Siku zote hizi alikuwa hapa kitandani. Yeye ndiye aliyemtamkisha mama yako shahada."

Nikasikia simu yake inaanguka sakafuni. Muda kidogo tu, nikausikia mlango ukifunguliwa kwenye ile simu ya kigodani, na yule mtoto akautoa mtandio mdomoni.

Mwanangu akanyoosha mkono akate. Nikamzuia. Wanawake walishaanza kuingia kwa mlango wa uwani, mmoja akauliza simu hiyo inayolia watu ndani yake ni ya nani, izimwe, hapa pana maiti. Nikamwambia aiache hapo hapo ilipo, hao ndio wafiwa.